Bakteria wa Utumbo na Uji wa Mtoto: Utafiti Unapofika Kliniki



Utafiti wa mikrobiomu, yaani jamii ya vijidudu vinavyoishi mwilini mwetu, husemwa kuwa ni tiba ya kesho. Mimi nadai umeshaingia kliniki, tena kupitia unga wa virutubishi tunaowapa akina mama wauchanganye na uji.

Mtoto wa miezi 6 hufyonza sehemu ndogo tu ya madini ya chuma anayopewa. Yanayobaki huteremka hadi utumbo mpana, na huko yana wenyewe. Bakteria aina ya E. koli waletao maradhi wanayahitaji ili wazaliane. Bifidobakteria, walinzi wa utumbo wa mtoto anyonyaye, huyahitaji kidogo mno. Utafiti wa Kenya uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha matokeo yake. Miongoni mwa watoto waliopewa miligramu 12.5 za chuma kwa siku katika uji wa mahindi, asilimia 27.3 walihitaji kutibiwa kuhara. Kwa wenzao waliopewa unga huohuo bila chuma, walikuwa asilimia 8.3.

Tuache chuma? Hasha, upungufu wa damu hauna huruma kwa ubongo unaokua. Watafiti walirudi na watoto 155 huko Kwale, matokeo yakatoka 2017. Chuma kilishushwa hadi miligramu 5, na kundi moja likaongezewa galakto-oligosakaridi, aina ya sukari ambayo mtoto haimeng'enyi ila bifidobakteria huila. Upungufu wa damu ulishuka kwa waliopata chuma, wenye sukari hiyo na wasio nayo. Lakini kwa wenye sukari, madhara ya chuma utumboni yalipungua sana. Utafiti wa namna hii ndio ninaoutaka: unaanza na sahani ya mgonjwa.

Upandikizaji wa kinyesi, yaani kumwekea mgonjwa utumboni kinyesi cha mtu mwenye afya, nao umethibitika, kwa ugonjwa mmoja. Katika jaribio la Amsterdam la 2013, wagonjwa 15 kati ya 16 waliorudiwa na kuhara kunakoletwa na bakteria Klostridioidesi difisile walipona. Waliotumia antibiotiki ya vankomaisini pekee, 4 kati ya 13. Lakini mwaka 2019 Marekani ilitangaza kwamba mgonjwa alifariki kwa E. koli sugu aliyetoka kwa mchangiaji. Bila maabara ya kuwapima wachangiaji, tusiguse.

Vipimo vya bakteria wa kinyesi vinavyouzwa mitandaoni navyo siviamini. Wahadzabe watu wazima wa Ziwa Eyasi, Tanzania, walipopimwa, hawakuonekana na bifidobakteria, wala si wagonjwa. Kipimo kilichotungwa kwa matumbo ya Ulaya kingewaandikia dawa.

Nina pendekezo moja la kuanzia. Utafiti mwingine wa Kenya, wa 2019, ulionyesha kuwa unga wenye chuma ukitolewa wakati wa dozi ya antibiotiki huongeza hatari ya kuhara. Basi kabla ya kumkabidhi mama pakiti, muuguzi amuulize: mtoto yuko kwenye antibiotiki? Jibu liandikwe kwenye kadi ya kliniki, na kama ni ndiyo, tabibu aamue kama unga usubiri dozi iishe.