Mke wa Mkulima katika Karatasi za Ukoo: Jina, Kazi na Ushahidi wa Lugha Makurunge, Bagamoyo



Makurunge ni kata ya Wilaya ya Bagamoyo, nje kidogo ya mji, katika njia iendayo Msata. Hapo ndipo inapochepuka barabara iendayo Saadani, Pangani na Tanga. Ni nchi ya Wakwere, Wazaramo na Wadoe, pamoja na watu wa makabila mengine waliofuata ardhi, mifugo, mkaa na chumvi. Hulimwa mpunga katika mabonde ya Ruvu, na muhogo, mahindi, ufuta, mikorosho na minanasi katika nchi ya juu. Kazi kubwa ya jembe, hasa ile ya mpunga, hufanywa na wanawake.

Mhadhara huu unahusu swali moja. Mkulima akifa, au akimwacha mkewe, mwanamke huyo huulizwa na wakwe, na mwenyekiti wa kijiji, au na hakimu: wewe ni nani katika shamba hili? Jibu la mdomo analo. Karatasi za kumshuhudia ni zipi, na zinamtaja kwa maneno gani? Hapo ndipo taaluma ya lugha inapopata kazi, kwa sababu karatasi za nyumbani humficha mwanamke kwa njia za kiisimu zaidi kuliko kwa njia za makusudi.

Yaliyomo sandukuni

Karatasi za ukoo wa wakulima wa pwani si nyingi. Huwekwa katika sanduku la bati au mkoba, zikiwa zimefungwa kwa mfuko wa nailoni ili zisiliwe na mchwa. Mara nyingi humo mna cheti cha ndoa, na pengine talaka. Risiti za kodi. Kadi ya chama. Kadi za kliniki za watoto. Risiti za korosho. Vyeti vya kumaliza shule ya msingi. Na barua moja mbili za mtoto aliyehamia Dar es Salaam. Cheti cha kuzaliwa cha bibi wa nyumba hakimo. Sheria ya kuandikisha vizazi na vifo iliyotungwa na Waingereza mwaka 1920 haikuwalazimisha Waafrika, na hata baada ya uhuru ulazima huo ulienezwa wilaya kwa wilaya. Kwa hiyo mwanamke wa kizazi hicho huanza kuonekana katika maandishi siku anapoolewa. Utoto wake wote hauna karatasi.

Baadhi ya familia za Bagamoyo zina bahati tofauti. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo mwaka 1868, wakaanzisha kijiji cha watu waliokombolewa utumwani, wakawafungisha ndoa vijana na kuwapa viwanja vya kulima. Misheni ya namna hiyo huandika ubatizo na ndoa, na mke wa mkulima hupata humo mstari wake. Hata hivyo mstari huo una jina la ubatizo, yaani jina jipya. Jina alilopewa na mamaye mara nyingi limeishia njiani.

Binti, mke wa, mama

Mwanamke mmoja wa pwani huweza kuishi kwa majina matatu bila kuyaona kuwa ni matatu. Uchukuliwe mfano wa kubuni. Msichana aliyezaliwa akaitwa Zena binti Omari huolewa na Hamisi, akazaa mtoto wa kwanza aitwaye Saidi. Tangu hapo kijiji kizima humwita Mama Saidi. Katika cheti cha ndoa ni Zena binti Omari. Katika risiti na daftari la kijiji ni “mke wa Hamisi”, kama ametajwa. Mtafiti anayefuata jina tu atadhani amepata watu watatu. Na katika nyumba yenye wake wawili kosa hugeuka: “mke wake” wa risiti ya mwaka huu na “mke wake” wa risiti ya miaka mitano baadaye hufanywa mtu mmoja, kumbe ni wawili.

Katika yote, neno lenye thamani kubwa ni “binti”. Ndoa ya Kiislamu haimbadilishi mwanamke jina. Hubaki binti wa babaye mpaka kaburini. Karatasi yenye “binti” humrudisha mtafiti nyumbani alikozaliwa, kwa watu watakaomkumbuka akiwa mtoto. Fomu za ofisi zilipoanza kuliacha neno hilo, Zena binti Omari akawa Zena Omari. Kisha baadhi ya makarani, kwa kufuata desturi ya kizungu, wakaandika Zena Hamisi. Sasa mtu anayesoma “Zena Omari” hana uhakika kama Omari ni baba au mume. Neno dogo lililoonekana kuwa la ziada ndilo lililokuwa likishika nasaba.

Mfano mashuhuri wa jina kubadilika ni wa Siti binti Saad, mtoto wa wakulima na wafinyanzi wa Fumba, Unguja, ambaye wasifu wake uliandikwa na Shaaban Robert. Husimuliwa kuwa jina lake la utotoni lilikuwa Mtumwa. “Siti” lilikuja baadaye, pamoja na heshima ya uimbaji. Kama asingeimba, na kama santuri zake zisingerekodiwa Bombay kuanzia mwaka 1928, huenda asingeandikiwa wasifu. Wenzake waliobaki wakifinyanga na kulima Fumba walikuwa na maisha yenye mambo mengi kama ya kwake ya awali. Tofauti ni kwamba hapakuwa na wa kuuliza.

Makurunge kuna jambo jingine la kuzingatiwa. Wakwere na Wazaramo kwa asili huhesabu ukoo upande wa mama. Kwa Wazaramo, pamoja na ukoo huo wa kikeni, mtu hupata pia kwa babaye jina la mtala. Kwa hiyo kumbukumbu ya mdomo na karatasi hufuata njia mbili. Mzee akiulizwa ukoo wake huanza na mama, bibi mzaa mama na ndugu zake. Karatasi ya dini na ya serikali huanza na baba na kuishia kwa baba. Anayetafuta maisha ya mke wa mkulima kwa karatasi peke yake ameshika mkondo usiomtaja sana. Marja-Liisa Swantz alilitambua hilo mapema alipoishi Bunju katika miaka ya 1960 akichunguza mila za Wazaramo, na mradi wa Jipemoyo uliofuata katika Wilaya ya Bagamoyo katika nusu ya pili ya miaka ya 1970 ulishikilia kwamba wanakijiji wawe watafiti pamoja na wasomi. Katika utafiti wa namna hiyo bibi kizee aketiye jikoni ni hazina kuliko daftari.

Majina ya watoto nayo husaidia. Desturi ya kumrithisha mjukuu jina la babu au bibi hufanya jina lipotee katika kizazi kimoja na kuzuka katika cha pili. Wajukuu watatu wa nyumba tatu tofauti wenye jina moja la kike si ajabu wakawa wanaelekeza kwa bibi mmoja ambaye hana karatasi hata moja.

Nyumba iliyolipiwa kodi

Serikali ya Wajerumani ilipoanza kutoza kodi ya kibanda mwaka 1898, ilihesabu nyumba, na mwenye kulipa alikuwa mwanamume. Katika Kiswahili, hata hivyo, “nyumba” si kuta na makuti tu. Mwenye wake wawili husemwa ana nyumba mbili, na mke wa pembeni huitwa nyumba ndogo. Mume aliyelipia vibanda viwili aghalabu alikuwa amewalipia wake wawili, na karani akaandika jina moja. Hapo mwanamke yumo katika hesabu wala hamo katika maandishi. Atakayesoma risiti za kale za ukoo wake na akute kodi ya vibanda viwili, amepata dalili ya bibi ambaye pengine hakuambiwa habari zake.

Mtoro bin Mwinyi Bakari, mwana wa Bagamoyo aliyefundisha Kiswahili Berlin, ndiye mchangiaji mkuu wa Desturi za Wasuaheli, kitabu alichokichapisha Carl Velten mwaka 1903. Humo mna ndoa, unyago, kilimo, utumwa na mazishi, na wanawake wamo kila mahali. Lakini ni maelezo ya desturi: mwanamke hufanya hivi, mume hutoa kile. Mwanamke fulani, wa mtaa fulani, aliyepalilia shamba fulani, si shabaha ya kitabu kile. Si haki kumlaumu Mtoro. Aliulizwa desturi, akajibu desturi. Ila wanafunzi wanaokitumia wasidhani kwamba wamekwisha kumfahamu bibi wa mtu.

Kwa wanawake wengi wa kizazi kile, karatasi ya kwanza yenye jina lao wenyewe, isiyopitia kwa baba wala mume, ilikuwa kadi ya TANU. Bi Titi Mohamed na wenzake waliziuza kwa maelfu katika miaka ya 1950, na Susan Geiger, katika kitabu chake cha mwaka 1997, alikusanya masimulizi ya maisha ya wanawake hao. Kadi iliyofifia ndani ya sanduku la bati Makurunge haina habari nyingi: jina, namba, tawi na mihuri ya ada. Lakini inasema kwamba mwaka ule mwanamke huyu alikuwapo, alikuwa na senti zake, na alizitoa kwa jambo alilolitaka mwenyewe.

Kazi: mkulima, au mama wa nyumbani?

Fomu nyingi zina nafasi ya “kazi”. Mume huandikiwa “mkulima”. Mke, ambaye pengine amelima eka nyingi zaidi, huandikiwa “mama wa nyumbani”. Msemo huu umetoka mjini, na pengine ni tafsiri. Kwa mwanamke anayeondoka alfajiri na jembe begani na mtoto mgongoni, nyumbani ni mahali anaporudi jioni. Tafsiri mbovu katika riwaya huudhi. Tafsiri mbovu katika fomu huweza kumnyang’anya mtu shamba.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika kifungu cha 114, inaiagiza mahakama inayogawa mali ya wanandoa waliotalikiana itazame mchango wa kila mmoja, wa fedha, wa mali au wa kazi. Kwa miaka kadhaa majaji wa Mahakama Kuu hawakukubaliana kama kazi za nyumbani ni “kazi” kwa maana hiyo. Mwaka 1983, katika rufaa ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali iliamua kwamba ndiyo: kutunza nyumba na watoto ni mchango. Bi Hawa mwenyewe hakushinda, kwa kuwa mahakama iliona kuwa fedha alizokwisha kupewa na mumewe zilikuwa zimemaliza fungu lake. Hata hivyo maana ya neno moja ilikwisha kupanuka, na wanawake wengi waliokuja baadaye wamepita katika mlango huo. Ni nadra wataalamu wa semantiki kupata mfano ulio wazi kiasi hicho.

Mjane wa Makurunge ana shida zaidi, maana kifungu hicho ni cha talaka. Mume akifariki, mirathi hufuata sheria ya dini au ya kimila, na kanuni za mila zilizotangazwa na serikali mwaka 1963 hazimpi mjane wa ukoo wa kiumeni fungu katika mali ya mumewe. Kwa upande mwingine, Sheria ya Ardhi ya Vijiji, namba 5 ya mwaka 1999, katika kifungu cha 20 inabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki, kutumia au kupata ardhi. Kanuni hizi mbili huweza kukutana katika shamba moja.

Jambo hili Makurunge si la nadharia. Ardhi ya Razaba, lililokuwa shamba la mifugo la Serikali ya Zanzibar, ilitolewa kwa mradi wa miwa wa kampuni ya Uswidi, hati ikatiwa saini mwaka 2013, na mradi ukasimamishwa mwaka 2016. Leo katika sehemu ya ardhi hiyo kuna miwa na kiwanda cha sukari. Youjin Chung ameandika kitabu kizima juu ya mradi ule na jinsi ulivyowagusa wanaume na wanawake kwa namna tofauti. Kwa mwanafunzi wa lugha, la kutazamwa ni neno “mkuu wa kaya”. Ardhi inapopimwa na watu kuhesabiwa, mkuu wa kaya ndiye anayeandikwa, na kwa kawaida ni mume. Kisha huhesabiwa mazao ya kudumu: mnazi, mkorosho, mwembe. Mti hubaki ukimshuhudia aliyeupanda. Mpunga, muhogo na mtama wa mwanamke vimekwisha kuliwa, msimu baada ya msimu, na waliovila ndio hao hao wanaoulizwa ushahidi.

Kwa hiyo karatasi inayodharauliwa kuliko zote huenda ikawa ndiyo yenye nguvu. Kadi ya kliniki ya mtoto ina jina la mama, jina la kijiji, na tarehe za kila mara mtoto alipopimwa uzito. Watoto sita ni kadi sita. Zikipangwa kwa miaka, zinaonyesha kwamba mwanamke huyu alikuwa mkazi wa Makurunge kwa muda mrefu kuliko risiti yoyote ya mumewe inavyoonyesha, na mapengo kati ya tarehe mara nyingine huangukia majira ya kupalilia. Hakuna aliyeiandika kadi hiyo kwa nia ya kuwa ushahidi wa ardhi, na hilo laiongezea uaminifu.

Sheria hiyo ya mwaka 1999 imeweka baraza la ardhi la kijiji lenye wajumbe saba, ambao watatu kati yao sharti wawe wanawake. Kazi yake ni kuwasikiliza na kuwasuluhisha wenye mgogoro, na shauri husikilizwa kwa lugha ya wenyeji. Mjane akifika hapo na kadi zake, wajumbe wale wanawake hawahitaji kuelezwa kwamba Zena binti Omari, mke wa Hamisi na Mama Saidi ni mtu mmoja. Wengine wamepalilia naye.