Wazee Wahesabiwe Pamoja na Wanaowatunza
(Hotuba kwa wanachama, Nairobi)



Sisi wa reli twajua kazi ya daftari. Behewa lisiloandikwa halipati mafuta wala fundi. Hukaa njia ya pembeni mpaka kutu ilile.

Watu nao ni vivyo hivyo. Hesabu ya watu ya Agosti 2019 ilipata Wakenya zaidi ya milioni 2.7 wenye miaka 60 na kuendelea. Makarani waliuliza pia kama mtu aweza kuona, kutembea, kujiosha na kuvaa. Ni swali jema, lakini jibu lake halituambii ni nani amwoshaye asiyejiweza.

Mwaka 2018 Serikali ilianza kuwapa wazee wa miaka 70 na zaidi shilingi 2,000 kwa mwezi, katika mpango wa Inua Jamii. Fedha hiyo yafuata umri, si uzito wa matunzo.

Kule Kawangware tunaye mwenzetu mstaafu aliyepooza. Binti yake aliacha kibarua cha mjini ili amgeuze kitandani. Binti huyo hayumo katika daftari lolote.

Basi, ndugu, tuanze sisi. Kila tawi liandike wastaafu wake: nani hajiwezi, na nani amtunza. Siku ya kwenda mjini kudai, twende na hesabu mkononi, si huruma tu.