Damu ya Mama Mjamzito Huanzia Kwenye Sahani



Mazungumzo ya leo yanahusu damu. Kila mwanamke hupoteza damu anapojifungua. Mwenye damu ya kutosha hustahimili, lakini aliyepungukiwa hana akiba. Akivuja damu kupita kawaida, maisha yake huwa hatarini haraka. Mtoto wake naye anaweza kuzaliwa kabla ya wakati au akiwa na uzani mdogo.

Uchovu, kizunguzungu, moyo kwenda mbio na hamu ya kula udongo visipuuzwe kuwa ni mambo ya mimba tu. Udongo hauongezi damu, na unaweza kumletea mama minyoo. Apimwe damu kliniki. Kipimo kikiwa chini ya 11, damu haitoshi.

Vyakula vya kuongeza damu vipo shambani na sokoni: mchicha, majani ya kunde, mnavu, pojo, maharagwe na dagaa. Mboga ioshwe kabla ya kukatwa, na isipikwe kupita kiasi. Ikamuliwe ndimu, au iliwe pamoja na chungwa, embe au papai, kwani matunda hayo husaidia mwili kupokea madini ya chuma. Chai na kahawa hufanya kinyume, kwa hiyo kikombe kisubiri angalau saa moja baada ya chakula.

Hata hivyo, chakula pekee huwa hakitoshi. Mama hupewa kliniki tembe za madini ya chuma na asidi ya foliki, ameze moja kila siku hadi ajifungue. Choo kikiwa cheusi asiogope, ni madini hayo. Akisikia kichefuchefu, ameze baada ya kula, wala asiziache.

Ziko nyumba ambako mjamzito hukatazwa mayai kwa hofu kuwa mtoto atakuwa mkubwa mno. Yai halina hatia, humjenga mtoto. Ziko pia nyumba ambako samaki hupakuliwa wengine kwanza, mama akabaki na mchuzi. Hapo mume na mama mkwe ndio wenye neno. Mjamzito apakuliwe mapema, na apate mlo mdogo wa ziada kila siku.

Anayehisi kuwa ana mimba asingoje tumbo lionekane. Aende kliniki mapema, ikiwezekana katika miezi mitatu ya kwanza, na mume amsindikize.