Programu huria haiuzwi, lakini ina gharama

Yafuatayo ni mazungumzo yaliyotolewa mbele ya walimu na makarani wa Likombe, Mtwara.



Nimeombwa nizungumze juu ya jambo linalozisumbua shule na ofisi nyingi hivi sasa: je, tuziache Windows na Office za kampuni ya Microsoft, tuchukue Linux na programu nyingine huria? Wapo wanaosema tuhame kesho asubuhi, kwa kuwa Linux haiuzwi. Wapo wanaosema Linux ni mchezo wa wanavyuo. Kwa maoni yangu pande zote mbili hazijapiga hesabu kamili. Programu huria haina ada ya leseni, lakini ina gharama, na gharama yenyewe ni ya watu. Ofisi iliyo tayari kuibeba itafaidika. Isiyo tayari, heri ijiandae kwanza.

Tuelewane juu ya maneno. Programu huria ni ile ambayo maandishi yake ya asili, yaani maelekezo yaliyoandikwa na mafundi walioitunga, yako wazi. Mtu yeyote ana haki ya kuitumia, kuisoma, kuirekebisha na kumpa mwenzake nakala. Richard Stallman wa Marekani alianza kuipigania haki hiyo mwaka 1983. Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, akatoa kiini cha mfumo wa kuendeshea kompyuta kilichoitwa Linux. Simu za Android zilizomo mifukoni mwenu zinaendeshwa juu ya kiini hicho hicho. Basi mnaoiogopa Linux kama mgeni, mgeni huyo amekwisha kulala nyumbani kwenu siku nyingi.

Kwa nini suala hili limepamba moto sasa? Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilikomesha huduma yake ya kawaida ya kurekebisha kasoro za usalama katika Windows 10. Windows 11 inadai mashine yenye vifaa vipya zaidi, na kompyuta nyingi kuukuu hazina vifaa hivyo. Tuchukue mfano wa shule yenye kompyuta kumi za namna hiyo. Inaweza kununua mpya. Inaweza kuendelea na mfumo usiolindwa. Au inaweza kuweka Linux, ambayo matoleo yake mepesi huenda vizuri katika mashine za zamani.

Iko njia ya nne, inayotumiwa sana na kutajwa kidogo, nayo ni nakala za magendo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inazilinda programu za kompyuta kama inavyovilinda vitabu. Kwa hiyo anayesema Windows yake haikumgharimu kitu, mara nyingi analinganisha kitu cha wizi na kitu cha halali. Mwalimu anayemwadhibu mtoto kwa kunakili mtihani hawezi kumfundisha kompyuta kwa mashine iliyojaa nakala za namna hiyo.

Sasa tuzitazame faida. Nakala moja ya Linux ikishapakuliwa kwa mtandao, yaweza kutiwa katika kompyuta zote za kata bila kumvunjia mtu haki yake. Virusi vingi vinavyosafiri kwa flashi kutoka duka la kuchapisha hadi ofisini vimeandikwa kwa ajili ya Windows, na katika Linux havipati pa kushika, ingawa hakuna mfumo usioweza kuvamiwa kabisa. Tena, programu iliyomo ndani ya mashine haisimami mtandao unapokatika. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipata hitilafu, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia. Waliokuwa wameweka kazi zao zote katika huduma za mtandaoni walikaa wakisubiri. Aliyekuwa na LibreOffice mezani pake aliendelea kuandika.

Lakini hasara nazo zipo. Ya kwanza ni hati. LibreOffice hufungua hati za Word na Excel, ila mara nyingine majedwali husogea, maumbo ya herufi hubadilika, na amri ndogo zilizotungwa ndani ya Excel hukataa kwenda. Mwalimu anaweza kupanga mtihani wa kurasa mbili, akaupeleka kuchapishwa, ukatoka kurasa tatu na mchoro umekatika. Dawa yake ni kupeleka hati katika muundo wa PDF. Ni dawa rahisi, lakini lazima mtu aifundishe.

Ya pili ni vifaa. Ziko printa na mashine za kunakilia picha ambazo waundaji wake hawakuzitayarishia Linux. Hakikisheni printa yenu inakubali kabla ya kuhama, maana mkigundua siku ya kuchapa ripoti mtaichukia Linux kwa kosa lisilo lake.

Ya tatu ni ajira. Mwajiri anamwuliza kijana kama anajua Word na Excel. Anayejua kupanga hesabu katika jedwali atajifunza jedwali jingine kwa siku chache, lakini si haki kumpeleka kijana kwenye usaili bila kuwahi kuiona ile atakayoulizwa.

Ya nne ndiyo kubwa kuliko zote, nayo ni fundi. Windows ikiharibika, fundi wa kuitengeneza hatafutwi mbali. Linux ikiharibika, nani ataitwa? Kama jibu ni mtu mmoja tu, naye akahamishwa, kazi itasimama.

Ndugu zangu, Likombe haihitaji kusimuliwa maana ya mitambo isiyo na msingi. Kiwanda cha korosho cha hapa kilikuwa miongoni mwa viwanda vilivyojengwa kwa mikopo ya Benki ya Dunia, mitambo ya viwanda hivyo ikitoka Italia na Japani. Mavuno ya korosho ya nchi, yaliyofika karibu tani 145,000 katika msimu wa 1973/74, yakaporomoka, na katika miaka ya 1980 viwanda vingi vikasimama. Mitambo ilikuwapo, kilichokosekana ni vile vinavyouwezesha mtambo kufanya kazi. Kompyuta nayo, bila mtu anayeijua, ni sanduku tu.

Hata Kiswahili chetu kimetupa funzo hilo. Desemba 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa kushirikiana na wenzetu wa Sweden, ulitoa Jambo OpenOffice, seti ya programu za ofisi inayozungumza Kiswahili. Haki ya kuirekebisha programu ndiyo iliyowawezesha wataalamu wetu kuifanya kazi hiyo bila kumpigia mtu magoti. Lakini programu hubadilika kila mwaka, na mwaka 2010 mafundi wengi wa OpenOffice walijitenga wakaanzisha LibreOffice. Tafsiri ya toleo moja haihami yenyewe kwenda toleo linalofuata. Yataka watu wa kuifuata mwaka hata mwaka.

Tuwatazame na wenzetu wa mbali. Mji wa Munich, Ujerumani, uliamua mwaka 2003 kuhamia Linux, ukahamisha kompyuta zipatazo 15,000, kisha mwaka 2017 baraza lake likaamua kurudi Windows. Jeshi la Gendarmerie la Ufaransa lilianza mwaka 2005 kwa kubadili programu za ofisi peke yake. Mfumo wenyewe wa kompyuta ukabadilishwa baadaye, askari wakiwa wamekwisha kuzoea. Wao wangali wanaendelea mpaka leo, kwa makumi ya maelfu ya mashine.

Napendekeza basi utaratibu huu. Kwanza, muhula mmoja mzima tutumie LibreOffice na Firefox ndani ya Windows hiyo hiyo tuliyo nayo, ili mikono izoee. Pili, tutie Linux katika kompyuta moja, tuijaribu na printa yetu na mifumo yote ya kazi. Ile inayofunguliwa kwa kivinjari cha mtandao mara nyingi haitasumbua. Tatu, tufunze watu watatu, wala si mmoja, kabla ya kuhamisha mashine zilizobaki. Nne, tubakize walau mashine moja yenye Windows halali kwa kazi zisizohamishika na kwa vijana wanaojiandaa kutafuta kazi. Tano, tuwe na nakala za akiba za kumbukumbu zote kabla ya kugusa chochote.

Na fedha ambazo zingelipia leseni zisiyeyuke katika matumizi mengine. Ziwe za mafunzo, na ziandikwe hivyo katika bajeti. Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Lakini anayekataa kumtegemea nduguye, kisha asijifunze kazi, hana alichokipata. Kama kikao hiki hakiwezi leo kuwataja watu watatu watakaofundishwa, nashauri tusiguse kompyuta hata moja mpaka tutakapoweza.