Jicho Kabla ya Darubini: Kuchagua Lenzi za Kulengea Shabaha

Mlengaji anayetaka kununua vifaa huvutiwa kwanza na kile kinachoikuza shabaha. Mada hii inashikilia mpangilio mwingine: kasoro ya jicho irekebishwe kwanza, tundu la kulengea lifuate, na ukuzaji uje mwisho, pale tu kanuni zinaporuhusu.

Katika mashindano ya bunduki ya mita 50, mlengaji huchungulia tundu dogo la nyuma, huiona pete iliyo mwisho wa mtutu, na ndani ya pete hiyo huliweka duara jeusi lenye kipenyo cha milimita 112.4. Pete iko takriban mita moja kutoka jichoni, shabaha iko mita 50, na jicho haliwezi kuviona vyote bayana kwa wakati mmoja. Kijana hulimudu tatizo hili bila kulijua. Lakini mtu akishavuka miaka arobaini, lenzi ya jicho lake hukakamaa na pete huanza kufifia. Kuikuza shabaha hakumsaidii hata kidogo, kwa kuwa kilichofifia ni pete. Kinachomfaa ni lenzi inayoongeza kama nusu dayopta (kizio cha nguvu ya lenzi) juu ya kipimo chake cha kuona mbali. Hiyo hulielekeza jicho kwenye umbali wa mita 2, na tundu dogo hukamilisha kazi hata pete na shabaha zikaonekana vya kutosha. Tundu nalo lina mpaka wake: likipungua sana chini ya milimita moja, picha huwa na giza na kingo hupoteza ubayana, likipanuka mno, ukungu hurudi. Kwa hiyo tundu la kurekebishika lina thamani kubwa uwanjani, maana mwanga wa asubuhi si wa adhuhuri.

Wapo watakaosema shabaha kubwa hulengwa kwa urahisi zaidi. Lakini kuikuza huhitaji lenzi kwenye bunduki, nazo kanuni za Shirikisho la Kimataifa la Michezo ya Shabaha (ISSF) haziruhusu lenzi yoyote kwenye bunduki ya mita 50. Lenzi ya kurekebisha jicho mlengaji huivaa usoni. Katika ulengaji wa masafa marefu, kama ule wa Bisley, Uingereza, lenzi moja kwenye pete ya mbele imezoeleka, na huko hoja yao ina uzito. Hata hivyo, lenzi hiyo hukuza pia mtikisiko wa mwili na kuitia shabaha ukungu. Mlengaji husubiri utulivu usiokuja, pumzi humwishia, kisha hukivuta kifyatulio kwa pupa.

Wengine husema miwani ya kawaida yatosha. Lakini shavu likishaegemea kitako cha bunduki, jicho hutazama kupitia pembe ya lenzi iliyo karibu na pua, mbali na kitovu chake. Miwani yenye nguvu zinazobadilika kutoka juu hadi chini ni mbaya zaidi, kwani kichwa kikihama kidogo, kipimo nacho huhama. Fremu yenye lenzi moja inayosogezwa hadi ikabiliane na tundu ndiyo inayostahili fedha za mwanzo.

Naziomba klabu zetu ziwapeleke walengaji kupimwa macho kabla ya kuagiza kifaa chochote, na kila mmoja aende na kipimo cha umbali kutoka jichoni mwake hadi kwenye pete.