Saa Saba Mchana: Tonge la Wafanyakazi wa Mombasa Bara

[SAUTI: Muziki wa kufungulia kipindi. Unashuka taratibu, zinasikika sahani na mazungumzo ya watu wakila.]

MTANGAZAJI: Hiki ni kipindi chetu cha utalii wa ndani. Wiki hii tumetoka kisiwani. Tuko Mombasa bara: Likoni upande wa kusini, Changamwe upande wa magharibi, Kisauni upande wa kaskazini. Wageni wengi hupita sehemu hizi mbio wakielekea Diani, uwanja wa ndege au hoteli za Shanzu. Sisi leo tumekaa kitako, tunangoja wali uive.

MWENZA: Na saa tumeichagua makusudi, kaka. Ni saa saba mchana.

MTANGAZAJI: Waeleze wasikilizaji, dadangu. Kwa nini saa saba?

MWENZA: Kwa sababu hiyo ndiyo saa ya mfanyakazi. Karani wa forodha, fundi wa gereji, mwalimu, mshonaji wa kiwandani, mhudumu wa hoteli, wote wanatoka kutafuta tonge. Na wako wenye desturi nzuri: siku moja kwa wiki hawali pale karibu na geti la kazini. Wanachanga nauli, wanapanda matatu, wanakwenda kula pamoja kwenye kihoteli ambacho mmoja wao anakijua. Wiki hii unachagua wewe, wiki ijayo nachagua mimi.

MTANGAZAJI: Na tunachosema leo ni hiki: kikundi cha namna hiyo kinakuonyesha Mombasa bara vizuri kuliko kitabu chochote cha watalii. Mwenzako Mdigo atakupeleka kwao Likoni. Mgiriama atakupeleka Kisauni. Aliyetoka Machakos au Kisumu kuja kufanya kazi mjini atakupeleka Changamwe, ambako alipanga chumba chake cha kwanza. Kila mmoja anakuonyesha jiko analoliamini, na jiko hilo linakufungulia mtaa mzima.

[SAUTI: Honi ya feri. Nyayo za watu wengi wakishuka.]

MWENZA: Tuanzie Likoni. Ukiwa kisiwani unapanda feri, na anayevuka kwa miguu halipi chochote. Ila panga saa yako vizuri. Foleni ya feri haijali kwamba mapumziko yako ni ya saa moja tu, kwa hiyo wanaofanya kazi kisiwani huiweka Likoni siku ya Jumamosi, kazi zinapokwisha mapema. Na ukitokea pande za Miritini, sasa iko barabara ya Dongo Kundu, inakufikisha kusini bila kuvuka kwa feri.

MTANGAZAJI: Ukishuka tu, harufu inakupokea: muhogo wa kukaanga, unapasuliwa katikati, unatiwa pilipili ya unga na kukamuliwa ndimu. Kuna viazi karai, kuna samaki wadogo wa kukaanga kwenye karatasi. Kula kidogo tu, maana safari yetu haiishii stendi. Tunaingia ndani kuelekea Mtongwe au Shika Adabu, kwenye vihoteli vya akina mama, vyenye paa la makuti au mabati na meza mbili tatu.

MWENZA: Hapa naomba tusimame kidogo jikoni, maana wali wa nazi wa Likoni una kazi yake. Asubuhi mama anaketi juu ya mbuzi, kile kiti cha mbao chenye ulimi wa chuma, anakuna nazi. Machicha yanatiwa maji ya uvuguvugu, yanakamuliwa na kuchujwa. Tui la kwanza ni zito, analiweka kando. Anakamua tena, anapata tui jepesi. Mchele unapikwa kwanza kwa lile jepesi na chumvi. Maji yakikaribia kukauka ndipo linapoingia tui zito. Halafu anafunika sufuria, anapunguza moto chini, na makaa mengine anayaweka juu ya kifuniko. Huko ndiko kuupalia wali. Moto wa juu na wa chini unaukausha polepole, punje inabaki imejitenga na mwenzake, na ukoko unatoka wa rangi ya dhahabu.

MTANGAZAJI: Na ukoko huo huwa na mwenyewe.

MWENZA: Mteja wa siku zote anawekewa. Kwa hiyo nenda na mwenzako anayejulikana pale.

[SAUTI: Kijiko kikigonga ukingo wa sufuria.]

MWENZA: Shikamoo mama.

SAUTI YA MPISHI: Marahaba mwanangu. Mko wangapi leo?

MWENZA: Tuko watano. Wali samaki tatu, wali maharagwe mbili. Mchuzi uwe pembeni, na achari ikiwepo.

SAUTI YA MPISHI: Achari ya embe ipo. Naweni mikono, mkae.

MTANGAZAJI: Samaki tuliyeletewa ni changu, amekaangwa kisha akatiwa kwenye mchuzi wa nazi wenye ukwaju. Siku nyingine ni tafi, au kolekole, au papa mkavu aliyerowekwa. Inategemea bahari imetoa nini. Jiko dogo halina friji ya kuweka samaki wa wiki nzima, na hiyo ni heri yetu walaji: cha leo kinapikwa leo, na saa tisa kimekwisha.

[SAUTI: Muziki mfupi. Mngurumo wa lori, honi, mlio wa treni kwa mbali.]

MTANGAZAJI: Sasa tuko Changamwe. Huku ni kazi tupu. Reli ya Uganda ilipoanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896, ilipita huku kuelekea bara, na kazi imekuwa ikiifuata reli tangu hapo. Ilikuja bandari ya Kilindini na gati zake za Kipevu, ukaja uwanja wa ndege wa Port Reitz, kikaja kiwanda cha kusafisha mafuta kilichofanya kazi kuanzia mwaka 1963 hadi 2013. Watu walikuja kutoka kila pembe ya Kenya, na kila mmoja alikuja na sufuria ya kwao.

MWENZA: Ndiyo maana sahani ya Changamwe na Magongo ina sura nyingine. Utapata sima kubwa na sukuma wiki, matumbo, nyama ya ng'ombe ya mchuzi, pure ya mahindi na maharagwe, samaki wa ziwani aliyekaangwa mkavu. Kando ya hayo, Mpwani anapika wali wake wa nazi, na chapati zinasukumwa tangu alfajiri. Hapa kikundi cha kazini hakigombani, kila mtu anapata cha kwao kwenye meza moja.

MTANGAZAJI: Na huku, wasikilizaji, ndiko unakoona jinsi riziki ya jiko inavyoshikamana na riziki ya mji. Treni ya reli ya kisasa, SGR, ilianza safari za abiria mwaka 2017, na mizigo ikafuata. Serikali ilipoagiza mwaka 2019 kwamba makontena yanayokwenda Nairobi yasafirishwe kwa treni, wakazi wa Mombasa waliandamana. Malori yakipungua barabarani, dereva hapungui peke yake. Anapungua turnboi wake, fundi wa magurudumu, mlinzi wa yadi, na sahani ambazo wangekula kwa mama wa Changamwe, Jomvu na Miritini. Septemba 2022, siku ya kuapishwa kwake, Rais William Ruto alitangaza kwamba shughuli za kutoa mizigo zinarudishwa Mombasa. Ni siasa, ndiyo, lakini kwa mpishi ni hesabu ya kilo ngapi za mchele zipikwe kesho.

MWENZA: Nami nasema jambo hili kwa moyo wote: mtalii anayekula Changamwe anasaidia uchumi wa mji huu mahali unapouma. Noti yako ya shilingi 200 mara nyingi inakutosha wali na maharagwe, na chai ya tangawizi juu yake. Pesa hiyo haizunguki mbali. Jioni inanunua nazi na unga wa kesho.

MTANGAZAJI: Ushauri wa Changamwe: fika kabla ya saa saba kamili. Viwanda vikitoa watu, benchi hazitoshi. Na kaa pembeni ya barabara ya ndani, maana kwenye barabara kuu vumbi la malori ni jingi.

[SAUTI: Kengele ikigongwa mara tatu. Kisha sauti za soko.]

MWENZA: Tunamalizia Kisauni. Kutoka kisiwani unavuka Daraja la Nyali na kupita Kengeleni. Ukiwa hapo, tazama ile kengele. Mwaka 1875 wamishenari wa Kiingereza walianzisha Freretown, makao ya watu waliokombolewa kutoka utumwani, na kengele hiyo iliwekwa kuwaonya hatari inapokaribia. Ipo mpaka leo, na matatu zinaita jina lake kila siku.

MTANGAZAJI: Mbele kidogo kuna soko la Kongowea, ambalo linalisha pwani nzima. Magunia ya viazi, vitunguu na mboga kutoka bara hushushwa humo, na akina mama wa vihoteli vya Kisauni hufika alfajiri kununua kabla bei haijapanda.

MWENZA: Kisha ingia Mlaleo, Mtopanga, Bakarani, na uombe sima na mchunga. Mchunga ni mboga chungu, Wamijikenda wanaipenda sana. Inachemshwa, maji ya kwanza yanamwagwa kupunguza uchungu, kisha inaungwa kwa nyanya na tui la nazi. Ukiila mara ya kwanza unashangaa, kijiko cha tatu unaomba uongezewe. Kando yake utapata samaki mkavu wa nazi, au dagaa, au kunde.

MTANGAZAJI: Wanaokula huku mchana ni wahudumu wa hoteli za Bamburi na Shanzu waliotoka zamu ya asubuhi, ni wafanyakazi wa kiwanda cha saruji cha Bamburi, ni walimu na mafundi. Asubuhi mhudumu amempakulia mgeni wa Ulaya kifungua kinywa cha hotelini, mchana anaketi na wenzake mbele ya sima. Mgeni huyo angemfuata tu, angekula chakula cha Pwani chenyewe.

MWENZA: Na mkimaliza, kama ni siku ya mapumziko, Haller Park iko karibu. Yalikuwa machimbo ya mawe ya saruji, jangwa tupu. Mwaka 1971 mtaalamu René Haller alianza kupanda miti, mivinje ikashika, na leo ni msitu wenye twiga na viboko. Matembezi ya pale yanateremsha sima vizuri.

[SAUTI: Muziki mfupi.]

MTANGAZAJI: Dadangu, wako wanaotusikiliza wanataka kuanza desturi hii ofisini kwao. Wafanyeje?

MWENZA: Kwanza wachague siku. Ijumaa ni siku ya pilau Mombasa, na vihoteli vingi vinapika sufuria kubwa. Basi wangojeni wenzenu Waislamu watoke swala, muagize sinia moja, mle pamoja kwa mkono. Kila mtu ale upande wake, na nyama isambazwe, asijivutie mmoja. Ukishiba shukuru, uwaachie wengine.

MTANGAZAJI: Na mwezi wa Ramadhani?

MWENZA: Mchana vihoteli vingi hufungwa. Hamisheni kikao jioni, mkae kwa futari: kaimati, viazi vya nazi, mbaazi, tambi, na juisi ya ukwaju. Asiyefunga naye aalikwe. Mezani hapo mtajuana kuliko miaka mitatu ya kukaa dawati kwa dawati.

MTANGAZAJI: Usafi je?

MWENZA: Macho yako yakutangulie. Maji ya kunawa yapo na sabuni? Chakula kimefunikwa? Sahani zinasuuzwa kwa maji safi? Sheria inamtaka kila anayeandaa chakula awe na cheti cha afya, kinachopatikana baada ya kupimwa, na kupima ni kila miezi 6. Wengi wanakitundika ukutani. Muulize mama kwa adabu. Mwenye nacho anakionyesha kwa fahari.

MTANGAZAJI: La mwisho nataka kulisema mwenyewe, maana linanigusa. Kila kihoteli kina daftari. Ndani yake yameandikwa majina ya wafanyakazi wanaokula kwa deni hadi mwisho wa mwezi. Daftari hilo limewavusha wengi: kibarua ambaye hajalipwa, kijana wa siku za kwanza kazini, dereva ambaye lori lake limekwama. Mama anawalisha kwa imani. Lakini mshahara ukiingia, wako wanaobadilisha njia wasipite pale. Deni la watu kumi linatosha kufunga jiko, na likifungwa, mtaa mzima unakosa pa kula.

MWENZA: Kweli kabisa, kaka. Na wanaokuja kwa kikundi wana nafasi ya kusaidia. Changeni papo hapo, mmoja atume kwa M-Pesa, mlipe kabla ya kuinuka. Msidai kupunguziwa bei ya sahani ambayo tayari ni nafuu. Mkiona kachumbari imeongezwa bure, semeni ahsante. Na mkipapenda, rudini na watu wengine.

MTANGAZAJI: Basi wasikilizaji, mwito wetu ni huu. Wiki hii, wewe na wenzako wa kazini, chagueni upande mmoja wa bara ambao hamjawahi kula. Anayetoka huko awe kiongozi wa msafara. Nanyi mnaokuja Mombasa kwa matembezi, msiishie kisiwani na ufukweni. Muulizeni mhudumu wa hoteli anakula wapi mchana, mwende naye, mlipe sahani yake na yenu. Na kama jina lako limo kwenye daftari la mama yeyote, Likoni, Changamwe au Kisauni, nenda kalipe leo.

[SAUTI: Muziki wa kufungia kipindi unapanda.]