Hisa Mpya, Hisa ya Mkononi

Mwaka 2017 Vodacom Tanzania iliuza hisa mpya kwa umma, shilingi 850 kila moja. Aliyejaza fomu na kulipa alinunua kwa kampuni yenyewe, na fedha yake iliingia kwenye mtaji wa kampuni. Hilo ndilo soko la awali: bei imetangazwa, hakuna kuvutana.

Agosti mwaka huohuo hisa hizo ziliorodheshwa Soko la Hisa la Dar es Salaam. Hapo mambo yakageuka. Mama aliyetaka ada ya mwanawe alikwenda kwa dalali, akaagiza hisa zake 1,000 ziuzwe. Dalali akampata mnunuzi, mtu ambaye mama huyo hamjui wala hatamwona. Fedha ilitoka kwa mnunuzi ikaja kwa mama, baada ya kukatwa kamisheni. Kampuni haikupata hata senti. Hilo ni soko la upili, na bei yake huamuliwa na wauzaji na wanunuzi, siku hadi siku.

Nasisitiza hili: bila soko la upili, nani angethubutu kununua katika lile la awali? Kabla hujalipa, muulize dalali wako: fedha yangu inakwenda kwa nani?